Swichi Nyekundu Chini ya Kiti

Nikitaka kukueleza shemeji yangu ni mtu wa namna gani, naanzia na saa ya ukutani. Alipostaafu, chuo alichokuwa akikitumikia kilimpa saa kubwa ya duara, yenye fremu ya dhahabu ya uongo, iwe shukrani. Akaitundika sebuleni, akapiga nayo picha. Kabla ya kwenda kulala akapanda kwenye stuli, akaitoa betri. Watu wakilala, alisema, hakuna anayeitazama, sasa itembee kwa ajili ya nani? Asubuhi akairudisha. Tangu siku hiyo saa ile haijapata kusema kweli, na ukimuuliza ni saa ngapi, anaitazama hiyo hiyo.

Mtaani wanamwita Zima. Jina alilipata kazini. Alikuwa msimamizi wa mabweni, na kazi yenyewe, ukiiondolea maneno makubwa, ilikuwa kupita korido hadi korido akizima taa. Wanafunzi wako bafuni wana sabuni machoni, anazima. Mtu yuko katikati ya ngazi na sanduku kichwani, anazima. Siku moja mkuu wa chuo akamsifu mbele ya watu kwamba amepunguza matumizi ya umeme, na hapo ndipo alipotuharibikia kabisa. Mpe mpumbavu sifa moja tu, atakwenda nayo mpaka kaburini.

Aliyeolewa naye ni dada yangu. Mimi ni fundi wa nguo, na kuna kipindi niliweka cherehani yangu ya umeme kwenye chumba chao cha nyuma. Nikiinuka kufuata uzi, nikirudi nakuta swichi kuu imeshushwa. "Nilidhani umemaliza, shemeji." Ningemaliza vipi na gauni la watu liko nusu, sindano bado imo kwenye kola? Nilipomwambia dada kwamba mumewe ana kasoro, alicheka, akasema, "Ndivyo alivyo." Huyu dada yangu amekula gizani, ameoga gizani, amelea watoto gizani, na bado anasema ndivyo alivyo. Angeolewa na nguzo ya umeme angalau angeona mwanga.

Sasa mtu kama huyo, akistaafu, akikaa kwake akazima taa zake kwa amani, nani angemsema? Lakini wapi. Alionyeshwa kwenye simu watu wanaoishi ndani ya magari, wanazunguka nchi hadi nchi, wanapika humo, wanalala humo, wanaamka wako mbele ya mlima. Akasema na yeye. Akanunua gari kuukuu la kusambazia mikate, lenye bodi ya bati, refu, lisilo na dirisha nyuma, ambalo hadi leo ukilifungua linanuka hamira. Akatoboa dirisha moja. Akagongelea kitanda cha mbao, kabati, jiko dogo la gesi, tangi la maji, na friji ya kufunguliwa kwa juu, ile inayotumia umeme wa betri. Mapazia nilishona mimi. Ahsante sikuambiwa, ila niliambiwa nimekula kitambaa kingi. Gari lenyewe akaliita Nyumba. "Nyumba inataka kuoshwa." "Nyumba imeingia vumbi." Tukamwacha aseme.

Hiyo friji ndiyo iliyotuingiza sote katika mkasa.

Mama yetu, yaani mama mkwe wa Zima, ana ugonjwa wa sukari. Anajichoma sindano mwenyewe, asubuhi na jioni, na dawa yake inataka ubaridi. Ikipata joto kali inakufa, na ukijichoma unajichoma maji tu. Mdogo wake, yaani mama mdogo wetu, alikuwa anaumwa, kwa mwanawe, mbali sana, ng'ambo ya nyika. Kwao wamezaliwa wawili tu. Alipompigia mama simu akasema, "Dada, njoo tuonane," sauti yake ilikuwa imebaki kidogo, na mama alikaa na ile simu mapajani kutwa nzima kana kwamba bado kuna mtu ndani yake. Basi lisingewezekana. Mama akikaa kitako muda mrefu miguu inavimba, na dawa ya safari yote hiyo, ya kwenda na kukaa na kurudi, angeihifadhi wapi kwenye joto la basi? Tukawa tunazunguka neno bila kulitoa, kwamba hataweza kwenda. Ndipo Zima akasafisha koo.

"Mama," akasema, "Nyumba ina kitanda. Na ina friji."

Mama akafuta macho kwa ncha ya khanga. Hata mimi siku hiyo nilimtazama Zima kwa jicho jema. Ilikuwa mara ya kwanza, na sikukawia kujuta.

Ikabaki kuipa friji umeme wa kuaminika, na kwa hilo akalipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari, gereji iliyo jirani na kibanda changu. Nilikuwepo, kwa sababu nilikwenda kupima godoro nilishonee foronya yake. Gari la kulala kama lile linataka betri mbili. Moja ni ya injini, iko mbele, kazi yake kuwasha gari. Ya pili ni ya nyumba, iko chini ya kitanda, na hiyo ndiyo inayoilisha friji. Zote mbili zinapata chakula chao kwa alteneta, kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini, kikatoa umeme gari linapotembea. Hayo yote niliyaelewa nikiwa nimesimama tu mlangoni, utepe wa kupimia uko shingoni, kwa hiyo si mambo ya kumshinda mtu.

"Tunavuta waya mnene kutoka mbele hadi nyuma," fundi akasema. "Fyuzi huku, fyuzi kule, katikati naweka rilei. Ukiwasha injini, rilei inaziunganisha betri zote mbili, alteneta inazichaji. Ukizima injini, inazitenganisha, ili friji isije ikanyonya betri ya mbele ukashindwa kuondoka. Inafanya yenyewe."

"Yenyewe?" Zima akauliza.

"Yenyewe. Wewe endesha tu."

"Sasa na mimi nitakuwa nafanya nini?"

Fundi alidhani ni utani, akacheka. Haukuwa utani. Mtu aliyekula mshahara wa kuzima maisha yake yote alikuwa anaambiwa kuna kidude cha ukubwa wa kiberiti kitakachowasha na kuzima bila kumwomba ruhusa. Alikiangalia mkononi mwa fundi kwa chuki kabisa. Akasema yeye hataki kitu kinachojiamulia ndani ya gari lake. Anataka swichi ya mkono.

Fundi akabisha kidogo, kisha akachoka. Mafundi wengi ndivyo walivyo, ukweli wanaujua lakini hawana mbavu za kuutetea mbele ya mteja king'ang'anizi. Akamfungia swichi kubwa nyekundu, ya kuzungusha, chini ya kiti cha dereva. Akamwambia, nami nasikia: "Sikiliza, mzee. Gari likitembea, washa hii. Gari likisimama, zima."

Katika maneno yote hayo shemeji yangu alisikia neno moja.

Tuliondoka asubuhi, Zima kwenye usukani, dada pembeni yake, mimi na mama nyuma. Hapa nikuambie jambo kuhusu mama, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Mama ni mtu wa adabu za zamani. Mkwe kwake ni mtu wa kuheshimiwa mpaka ichoshe. Hamkatizi, hamtumi, hamwombi. Chumvi ikiwa mbele ya Zima, mama atamwambia dada aisogeze, na dada akiwa jikoni, mama atakula bila chumvi. Tangu harusi yao sijapata kumsikia akimwambia fanya hiki wala acha kile. Anamwita baba, anavuta khanga ifunike magoti, basi. Na Zima heshima hiyo anaipokea kama mtu aliyeitolea jasho.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Tulipotoka mjini, Zima alipunguza mwendo, akainama, akazungusha swichi yake nyekundu kwa sherehe kama mgeni rasmi anayekata utepe. "Mnasikia?" akasema. "Sasa tunachaji." Friji ikanguruma taratibu, kijitaa chake cha kijani kikawaka. Mama akapanga vichupa vyake vya dawa humo ndani, akavifunika kwa leso safi, akaweka kiganja juu ya mfuniko akatabasamu. Njiani alinisimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyokuwa wakigombania kulala upande wa ukutani walipokuwa wadogo, na jinsi mdogo alivyokuwa akiogopa giza.

Alasiri kijitaa cha kijani kikaanza kumkera mtu. Nilimwona akikichungulia kwenye kioo cha ndani, anarudisha macho barabarani, anakichungulia tena. Tuliposimama alikuja nyuma na kipande cha plasta nyeusi, akakibandika juu yake.

"Kinakula umeme bure," akasema.

"Shemeji, ukikiziba kinaendelea kuwaka. Hukioni tu."

"Wewe ni wa cherehani," akanijibu, akaibonyeza plasta kwa kidole gumba mpaka ikashika vizuri.

Sikio la kufa halisikii dawa. Baada ya hapo akatuwekea na sheria. Friji asiifungue mtu, ila mama anapochukua dawa yake, na afungue haraka, ubaridi usitoroke. Taa za ndani marufuku. Kuchaji simu marufuku. Dada akaniambia kwa macho ninyamaze, nami nikanyamaza, maana safari ilikuwa ya mama, haikuwa yangu.

Kesho yake tukaingia nyikani. Kule hakuna mti wa maana, ni barabara ya vumbi na jua limekukalia utosini. Ndani ya lile bati kulikuwa kunapikika. Na huko ndiko Zima alikofanya ugunduzi wake. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja, wa pili uko chini ya kiti, anawasha, anazima, kichwa amekiinamisha anasikiliza.

"Nikiwasha hii, injini inaguna," akamwambia dada. "Nikizima, inapumua. Unajua maana yake? Alteneta ikiilisha betri ya nyuma inakunywa mafuta."

"Si ndivyo fundi alivyosema iwe?"

"Fundi hajui gari hili. Betri ya nyuma imeshiba tangu jana. Aliyeshiba analishwa tena?"

Dada akasema lile neno lake, unalijua. Mimi niliyasikia hayo kwa mbali, nikadhani ni porojo za dereva, nikaendelea kumpepea mama kwa kifuniko cha boksi. Kumbe ndiyo ilikuwa hukumu. Kwamba friji inakula kwenye betri ile ile saa zote, tukiwa macho, tukilala, tukipanda, tukishuka, jambo ambalo hata mtoto anayenyonya angelielewa, lilimpita kando. Yeye alizima kwa sababu kuzima ndiko kitu pekee anachokijua duniani. Akaenda zake akiwa ameridhika, anapiga mluzi.

Adhuhuri akasimamisha gari ili injini ipumzike. Watu tukashuka, tukabanana kwenye ukanda wa kivuli ubavuni mwa gari. Dawa ikabaki ndani. Siku zilizofuata tukapumzisha injini hivyo hivyo, kila jua lilipofika katikati, na asubuhi na jioni mama alikuwa anageukia ukuta wa gari, anafungua friji, anajichoma, anafunga.

"Iko sawa, mama?" nilikuwa nikimuuliza.

"Iko sawa."

Kisha mama akaanza kiu. Alikunywa chupa yake, akanywa yangu, akaomba tusimame ajisaidie, tukaenda kidogo akaomba tena, kwa kupitia kwa dada, kwa aibu. Zima akaanza kulalama kwamba kila tukisimama tunawasha gari upya, na kila tukiwasha gari tunaichosha betri ya mbele. Alilalama akiitazama barabara, si mama. Mama akaacha kuomba. Mchana akalala, akalala usingizi usio wa mchana, mdomo umekauka, nikamwita akanijibu jina la mdogo wake. Nilipomwinamia, pumzi yake ilikuwa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Nikaivunja sheria. Niliinua mfuniko wa friji, joto likanipiga usoni kama sufuria iliyofunuliwa. Siagi ilikuwa mafuta. Leso ya mama ilikuwa imelowa, vichupa chini yake vya moto. Nikabandua plasta. Kijitaa kilikuwa kimekufa, na sijui kilikufa lini, kwa kuwa kuna mtu alihakikisha hatutajua.

"Shemeji, simamisha gari. Friji imekufa."

"Haijafa. Nilikiziba kile kitaa."

"Nimebandua."

Akasimamisha. Nilipita mbele, nikapeleka mkono chini ya kiti chake, nikaipapasa ile swichi. Ilikuwa imezimwa.

"Mbona hii imezimwa?"

"Tulikuwa tunapanda mlima," akasema.

Nikatazama nje. Ilikuwa tambarare mpaka macho yanapoishia, hata kichuguu hakikuwepo. Dada naye akatazama nje. Ile ndiyo mara pekee nimemwona dada yangu anakosa neno la kumtetea. Nikaizungusha swichi mwenyewe, nikamwambia Zima aendeshe, na kama anataka kusikia injini ikiguna, aisikilize vizuri.

Mji wa kwanza tuliofika ulikuwa na hospitali ndogo yenye kuta za kijani. Walimpokea mama kwa kiti cha magurudumu, wakamtundikia maji, wakampa dawa iliyo hai. Muuguzi alichukua kichupa chetu kimoja, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Dawa ambayo ilitakiwa iwe safi kama maji ilikuwa na ukungu na vinyuzi vinavyoelea.

"Hii imeiva," akasema. "Mlikuwa mnaihifadhi wapi?"

"Kwenye friji," Zima akajibu, na alijibu kwa fahari.

Muuguzi akamtazama kichwa mpaka miguu, akakitupa kichupa kwenye ndoo.

Ulimwengu una watu wa kila namna, na kuna wanaokosea wakainamisha kichwa. Shemeji yangu si wa kundi hilo. Pale kwenye benchi la korido alitueleza kwamba betri za siku hizi hazina kitu ndani. Kisha ikawa ni fundi, alivuta waya mwembamba. Kisha ikawa ni joto, nani angejua kutakuwa na joto nyikani. Alipomaliza kuwalaumu wote, akainua macho, akaona taa ya korido inawaka mchana. Akainuka akaizima. Mfagizi akaiwasha. Akaizima tena. Mfagizi akamwuliza kama yeye ni mgonjwa wa wodi ipi.

Mama alipopata nguvu ya kukaa, nilimwuliza. Nilitaka kusikia kwa kinywa chake.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa unafungua friji. Hukuona?"

Akakunja na kukunjua ncha ya shuka.

"Niliona," akasema. "Ilikuwa ya moto kama chai."

"Na ukajichoma hivyo hivyo?"

"Ningesema, angegeuza gari. Tungerudi nyumbani kufuata dawa nyingine, na mdogo wangu angenisubiri mpaka lini? Nikasema acha, nitafika hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Na tena, mwanangu, mkwe amekubeba kwenye gari lake, unamwambiaje kitu chake kimekufa?"

Nilitaka kupasuka. Nilitoka nje ya wodi nikasimama uani mpaka nikapoa, na sikupoa. Mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, alikuwa tayari kufa kwa adabu, na adabu yenyewe ni ya nani? Ya mtu ambaye hata saa yake ya ukutani inamdharau.

Mwana wa mama mdogo alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Mama mdogo anauliza mmefika wapi. Mama mdogo anasema mlale njiani, msikimbize gari. Mama mdogo leo hakuuliza, lakini alifungua macho mlango ulipolia. Tukawa tunamjibu tunakuja, tuko karibu, na hatukuwa karibu. Tulikuwa kwenye ile wodi ya kijani tunahesabu matone. Asubuhi ambayo daktari alimruhusu mama, simu ililia mapema. Dada alipokea akiwa koridoni. Aliporudi wodini alianza tu kukunja nguo za mama, na alikuwa anazikunja vibaya.

"Amekwenda," mama akasema. Hakuwa anauliza.

Dada akaendelea kukunja.

"Twendeni hivyo hivyo," mama akasema.

Hawakuweza kutungoja. Walizika siku ile ile, sisi tukiwa barabarani. Safari hiyo nilikaa mbele mimi, dada akaenda nyuma kumshika mama. Nilivua kiatu, nikaupitisha mguu chini ya kiti cha dereva, nikaweka kisigino juu ya swichi nyekundu.

"Shemeji, utaumia mguu hapo," Zima akasema.

"Endesha."

Aliendesha. Alteneta ilichaji njia nzima, injini ikaguna njia nzima, na mafuta, nikuambie ukweli, sikuona yameisha haraka zaidi ya zile siku alizokuwa akizima. Friji ilinguruma nyuma bila kupumzika, ikizipoza dawa mpya tulizopewa hospitali, ikimtunza vizuri mtu ambaye hakuwa tena na haraka ya kufika. Wakati mwingine mkono wa Zima uliteleza kutoka kwenye gia ukaelekea chini. Ukikutana na kisigino changu unarudi.

Tulifika kesho yake, mchana wa jua kali. Mabenchi yalikuwa bado yako nje, na majirani wachache waliobaki wakainuka kumpokea mama. Mwana wa mama mdogo, mwanamume mzima mwenye mvi kidogo, alimshika mkono akampeleka ndani, mimi na dada nyuma yao. Chumba kilikuwa kidogo. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, kitanda kimebaki chaga tupu, kando yake kuna kandambili zimepangwa pamoja. Dirisha lilikuwa wazi na mwanga wa mchana umejaa, na bado taa ya juu ilikuwa inawaka.

"Mtuwie radhi kwa taa," akasema. "Ni yeye. Tangu alipojua umeondoka nyumbani, mama mkubwa, alikataa izimwe. Alisema dada atafika wakati wowote, isije ikawa giza akajikwaa mlangoni. Alisema iwake mpaka utakapofika. Alipokwisha kutuacha, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuizima."

Mama hakulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wa ukutani, akaitazama ile taa. Ilikuwa balbu ya kawaida, yenye vumbi, huwezi hata kusema inamulika kitu katika jua lile. Aliitazama kama mtu anayesalimiwa.

Zima hakuwa ameyasikia hayo. Alikuwa amebaki nyuma, akilizunguka gari kuhakikisha milango imefungwa. Aliingia na mkoba wa mama, akautua sakafuni, na mkono wake, bila yeye hata kutazama, ukapanda ukutani. Tak. Taa ikazimika.

Mwana wa marehemu alifungua kinywa, akakifunga. Dada akafumba macho. Mimi nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo ya miaka yote tangu cherehani, yamejaa mpaka kwenye meno, na nilikuwa nimekwisha kumgeukia.

"Baba," mama akasema.

Zima akageuka. Mama hakuvuta khanga, hakuinamisha uso. Alikuwa anamtazama machoni, jambo ambalo sijapata kuliona tangu tumpokee nyumbani kwetu.

"Washa."

Akawasha. Hakusema mchana huu taa ya nini. Akabaki amesimama pale pale, kidole kiko juu ya swichi, na hakuna aliyemwambia akae.